Denis Burkitt: Daktari wa Jicho Moja Aliyeuliza Swali la Wapi



Kamati ya gazeti letu imenitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, ambaye habari zake zaweza kuwafaa wanafunzi wa sayansi. Nimemchagua Dakta Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka ishirini. Hakusoma shuleni kwetu, wala hakuwa mtu wa Mara. Lakini ugonjwa unaobeba jina lake unawapata watoto wa Kanda ya Ziwa, wa kwetu wakiwamo. Na swali alilolianzisha lilikuja kupimwa katika vijiji vyetu wenyewe, kwa watoto wa rika langu.

Leo ukifungua kitabu kikubwa cha saratani ya damu, yaani lukemia, au cha jeni zinazosababisha saratani, jina la Burkitt utalikuta. Hata hivyo hakuwa mtaalamu wa jeni, wala hakuwa na maabara. Alikuwa na kisu cha upasuaji, kamera, daftari, ramani ya Afrika na motokaa kuukuu. Jinsi vitu hivyo vilivyomfikisha huko ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia.

UTOTO NA MASOMO

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini ya leo. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa jimbo, lakini saa za mapumziko alichunguza ndege. Aliwavalisha ndege wadogo wa bustanini pete miguuni ili amtambue kila mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anatawala wapi na mpaka wake unaishia wapi. Likumbukeni jambo hilo, maana mtoto alikuja kuufanyia ugonjwa kile ambacho baba aliwafanyia ndege.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 jiwe lilimpiga usoni, na jicho moja ikabidi liondolewe. Tangu hapo aliishi na jicho moja na lingine la bandia. Mwaka 1929 aliingia Trinity College, Dublin, asomee uhandisi kama baba yake, lakini akauacha akahamia udaktari, akahitimu mwaka 1935. Mwaka 1938 alifuzu upasuaji huko Edinburgh. Alikuwa Mkristo mcha Mungu, akaona wito wake uko Afrika. Lakini alipoomba kazi katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyomleta huku. Aliingia jeshini mwaka 1941 akiwa daktari, akatumikia Kenya na Somalia, halafu Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Uganda pamoja na mkewe, Olive, waliyeoana naye mwaka 1943.

MABUSHA YA LANGO

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, wilaya ya Lango. Huko alipasua kila kitu, kama ilivyo desturi ya daktari wa wilaya. Kati ya wagonjwa wake walikuwamo wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwingine angewapasua na kuwaruhusu warudi nyumbani. Yeye aliwauliza pia kila mmoja anatoka wapi. Akagundua kwamba mabusha yalikuwa mengi sana upande wa mashariki wa wilaya, na upande wa magharibi yalikuwa haba. Watu wale wale, wilaya ile ile, lakini ugonjwa umepiga kambi upande mmoja. Baadaye ilieleweka kwamba ugonjwa huo unawafuata mbu waenezao vijidudu vya matende.

Nawaomba vijana mlitazame swali lenyewe. Halihitaji hadubini. Ni swali la wapi upo na wapi haupo, na kwa nini. Swali hilo alilichukua mwaka 1948 alipohamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala.

MTOTO WA MULAGO NA MTOTO WA JINJA

Mwaka 1957 Dakta Hugh Trowell, daktari wa watoto pale Mulago, alimwita Burkitt amtazame mtoto mmoja wa miaka kama mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote mbili, taya la juu na la chini, na meno yamelegea. Burkitt alipiga picha, akashangaa. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja; saratani ya mfupa vilevile huanzia mahali pamoja. Ni kitu gani kivimbishe taya la juu na la chini, kulia na kushoto, kwa wakati mmoja?

Majuma machache baadaye alikuwa akizuru hospitali ya Jinja. Alipotazama nje dirishani alimwona mtoto mwingine ameketi na mama yake majanini, uso umevimba vivyo hivyo. Alitoka akampima, akakuta na tumbo pia lina uvimbe. Mara ya kwanza aliona jambo geni. Mara ya pili akaona ni ugonjwa mmoja. Alirudi Mulago akapekua mafaili ya wagonjwa wa zamani, akawakuta wengine wengi, kila mmoja ameandikiwa jina tofauti: huyu saratani ya taya, yule ya jicho, yule ya figo au ya ini. Mwaka 1958 alichapisha habari za watoto 38 katika gazeti la wapasuaji la Uingereza. Wenzake waliochunguza vipande vya nyama kwa hadubini pale Kampala, miongoni mwao Jack Davies na Mmarekani Greg O'Conor, walitambua kwamba uvimbe wote huo ni wa aina moja: saratani ya chembe nyeupe za kinga, yaani limfoma.

SAFARI YA MAILI 10,000

Sasa Burkitt akarudia swali lake la Lango. Alipeleka karatasi zenye picha na maswali kwa hospitali nyingi za Afrika, za serikali na za misheni. Kila jibu lililoeleza kwamba ugonjwa umeonekana alilitia alama kwenye ramani iliyoning'inia ukutani. Ukatokea ukanda uliokata katikati ya Afrika, wenye mkia unaoshuka pwani ya mashariki hadi Msumbiji.

Mwezi wa Oktoba 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, aliondoka Kampala na madaktari wawili rafiki zake, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, West Nile, na Cliff Nelson. Walitumia motokaa aina ya Ford ya mwaka 1954. Walikwenda majuma kumi, maili kama 10,000, wakapita Tanganyika na nchi za kusini, wakazuru hospitali karibu 60. Nia yao ilikuwa kutafuta ukingo, yaani mahali ugonjwa unapokoma.

Waliona kwamba karibu na ikweta ugonjwa hukoma kwenye miinuko ya futi 5,000 hivi. Lakini kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulizidi kushuka, hata ukakaribia usawa wa bahari. Basi kimo chenyewe hakikuwa sababu. Dakta Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya kuchunguza virusi iliyokuwa Entebbe, ndiye aliyetambua kwamba kilichokuwa kikipimwa hasa ni joto. Ugonjwa ulikuwapo pale ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi na mvua inazidi sentimita 50 kwa mwaka. Sisi wa Mara hatuhitaji kuelezwa sana. Anayeshuka kutoka Tarime mjini kwenda Shirati huona joto likizidi njiani, na usiku wa kwanza hukaribishwa na mbu.

KIRUSI

Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa London, akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyoleta saratani. Alipoona ramani akafikiri: ugonjwa unaofuata joto na mvua yumkini huenezwa na mdudu, na mdudu hubeba virusi. Wakapatana kwamba vipande vya uvimbe vipelekwe London kwa ndege.

Kwa muda mrefu Epstein hakuona kitu. Mwezi wa Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester. Kipande kilipofika maabara maji yake yalikuwa machafu, kana kwamba kimeoza. Epstein hakukitupa, alikitazama, akakuta uchafu ule ni seli za saratani zilizo hai zikielea. Kwa kuzikuza seli kama hizo, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi mwaka 1964 kwa hadubini ya elektroni. Kikaitwa kirusi cha Epstein na Barr, na ndicho cha kwanza kujulikana kinachohusika na saratani ya binadamu.

Lakini hapa pana fundisho. Kirusi hicho hakienezwi na mbu. Huenea kwa mate, na karibu watu wote duniani wanacho. Mbu aliyeonekana kwenye ramani ya Burkitt alikuwa na mzigo mwingine: malaria. Dakta Gilbert Dalldorf alilieleza wazo hilo mwaka 1964, na Burkitt mwenyewe akalitetea mwaka 1969. Mojawapo ya hoja ilikuwa Unguja na Pemba, ambako mbu walikuwa wamepigwa vita kwa dawa, na uvimbe huu ulikuwa nadra. Malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huchosha ulinzi wa mwili unaokizuia kirusi, na huzilazimisha chembe za kinga kugawanyika upesi upesi. Katika kugawanyika huko ndipo kosa hutokea.

LUKEMIA NA KROMOSOMU

Kosa gani? Kila seli ina kromosomu 46, zilizobeba jeni, yaani maagizo ya mwili. Mwaka 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova, Wabulgaria waliokuwa wakifanya kazi Uswidi, waliona kwamba katika seli za uvimbe wa Burkitt kromosomu ya 14 imeongezewa kipande. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kwamba kipande hicho kimekatika kutoka kromosomu ya 8. Na mwaka 1982 ilijulikana kwamba mahali palipokatika pana jeni iitwayo MYC, inayoiagiza seli igawanyike. Ikihamishiwa kromosomu ya 14, inakaa jirani na jeni za kutengeneza kinga, ambazo katika chembe hizo haziachi kufanya kazi. Ni kama motokaa iliyowekewa jiwe juu ya kikanyagio cha mafuta: inakimbia tu, hata dereva akitaka isimame.

Habari hii ililandana na ya lukemia. Mwaka 1960, huko Philadelphia, ilionekana kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika aina moja ya lukemia, na mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba hapo kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Uvimbe wa watoto wa Uganda na saratani ya damu ya watu wazima wa Marekani zikafunua kanuni moja. Tena ipo aina ya lukemia kali ambayo seli zake ni zile zile za Burkitt, na kosa la kromosomu ni lile lile.

Kwa upande wa tiba vilevile Burkitt aliutangulia ulimwengu. Kwa kuwa kupasua mataya hakukusaidia, na mashine ya mionzi hakuwa nayo, alijaribu dawa chache alizopewa, nyingine zikiletwa na Joseph Burchenal wa New York, bingwa wa lukemia. Aliona ajabu: uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na watoto wengine walipona kabisa kwa dozi kidogo. Burchenal aliona kwamba uvimbe huu unaweza kuwa njia ya kujifunzia jinsi ya kuishinda lukemia. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, na ndicho kilichokuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

VIDONGE VYA MARA KASKAZINI

Sasa tuje nyumbani. Kama malaria ndiyo inayotayarisha njia, basi ukiipunguza malaria, uvimbe nao upungue. Hilo lilihitaji mahali penye malaria nyingi, penye hospitali iliyokuwa ikiwaandika wagonjwa wa uvimbe huu kwa uangalifu. Mahali hapo palikuwa Mara Kaskazini, yaani Tarime ya zamani kabla Rorya haijawa wilaya mwaka 2007. Na hospitali ilikuwa Shirati, alikokuwa Dakta George Brubaker. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, yenye makao yake Lyon, Ufaransa, ilishiriki katika mpango huo.

Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto wa chini ya miaka kumi walipewa klorokwini vijijini. Nilikuwa mmoja wao. Ladha yake naikumbuka hadi leo, pamoja na ujanja wetu wa kuficha kidonge chini ya ulimi. Hatukuambiwa habari za kromosomu. Tuliambiwa ni dawa ya homa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1989. Miaka miwili ya kwanza malaria ilipungua kweli katika ukanda wa ziwa. Kisha ikapanda tena hadi ilikokuwa. Uvimbe wa Burkitt nao ulishuka kuliko wakati wowote uliopata kuandikwa huko, halafu mwaka 1984 ukapanda. Lakini wachunguzi waliona kwamba kushuka kulikuwa kumeanza kabla ya vidonge. Kwa hiyo hawakutangaza ushindi. Waliandika walichokiona, pamoja na kile kilichopunguza nguvu ya hoja yao wenyewe. Nimefundisha biolojia miaka mingi, na sijapata mfano bora kuliko huo wa uaminifu wa kisayansi. Kazi haikuishia hapo. Kati ya mwaka 2010 na 2016 utafiti mwingine uliwachukua watoto wa Uganda, Kenya magharibi na Kanda ya Ziwa yetu, na Shirati ilikuwamo tena.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza alianza kazi nyingine kwa swali lile lile: kwa nini magonjwa fulani ya tumbo na utumbo yamejaa Ulaya na kwa wakulima wa Afrika ni machache? Alijibu kwamba ni kwa sababu ya chakula kilichokobolewa mno, akawahimiza watu wale nafaka isiyokobolewa, mboga na maharage. Wataalamu wa baadaye walirekebisha baadhi ya maelezo yake, lakini ushauri wenyewe umebaki. Bibi zetu waliosonga ugali wa ulezi na mtama wangemwelewa bila mhadhara. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

NENO KWA WASOMAJI

Ndugu zangu, uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kuliko zote. Waweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo hiyo dawa huukamata vizuri. Na mtoto anayewahi matibabu kamili ana matumaini makubwa ya kupona. Anayechelewa ndiye tunayempoteza.

Nilipokuwa kijana mtoto wa jirani yetu alilegea meno. Aling'olewa mawili na mtu wa pale pale kijijini. Juma la pili shavu likavimba, ikasemekana ni jipu; juma la nne jicho likatokeza nje, ikasemekana amerogwa. Hospitali alipelekwa mwishoni, baada ya mbuzi wawili kuuzwa kwa mganga. Alizikwa kabla ya mavuno. Kila siku aliyokaa nyumbani ilikuwa mali ya ugonjwa.

Kwa hiyo ninyi mlioko Mugumu, Nata, Sirari, Nyamwaga na kando ya ziwa, wazazi na walimu, mkimwona mtoto ambaye taya limevimba, meno yamelegea bila kuoza, jicho linatokeza au tumbo limejaa ghafla, msingoje. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, mwombe apimwe na apewe barua ya kwenda hospitali ya rufaa, kama vile Bugando. Na wavu wa mbu usiwe wa kufunikia vifaranga.

Nanyi vijana wa mchepuo wa sayansi mnaolalamika kwamba maabara haina vifaa, malalamiko yenu ni ya haki, nasi wanachama wa umoja huu tunapaswa kuchanga. Lakini daftari mnalo. Katika vijiji vyenu yapo magonjwa ya watu, ya mifugo na ya mazao ambayo hakuna aliyeyahesabu. Andikeni yapo wapi, hayapo wapi, na tangu lini. Jeni ya MYC ilipatikana katika maabara za kitajiri, lakini njia ya kuifikia ilianzia kwa daktari wa wilaya aliyewauliza wagonjwa wake wanatoka kijiji gani.